Eksirei safi, mgonjwa hapati nafuu: kisa cha nimonia kwenye mapafu yenye ugonjwa sugu

Mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anapozidiwa ghafla, wodini tunajiuliza jambo moja kabla ya yote: huu ni ugonjwa wake wa siku zote umepamba moto, au kuna nimonia imeingia juu yake? Kikohozi ni kilekile, kubanwa kifua ni kulekule, makohozi ni yaleyale. Kinachotofautiana ni matibabu, na kwa mzee mwenye akiba ndogo ya pumzi tofauti hiyo ni kubwa mno. Katika kisa hiki eksirei ilisomwa kuwa haina nimonia, mgonjwa akaendelea kudidimia, na CT skani ikaja kuonyesha kilichojificha. Nakiandika kwa ajili ya matabibu, wauguzi na madaktari wenzangu wa Moshi na Arusha, na pia kwa ndugu wanaowauguza wazee wao, kwa sababu sehemu moja muhimu ya jibu ilitoka nyumbani kwa mgonjwa.

Kisa nimekijenga kwa kuunganisha wagonjwa wanaofanana, ili asitambulike mtu yeyote. Mambo ya kitabibu ni yale tunayokutana nayo.

Mgonjwa

Ni bibi wa miaka 71, mkulima wa kahawa na migomba upande wa Kibosho. Sigara hajawahi kuvuta. Lakini amepikia kuni tangu akiwa binti mdogo, kwenye mafiga matatu, katika jiko ambalo moshi wake hutokea mlangoni tu. Zaidi ya miaka kumi iliyopita alitibiwa kifua kikuu, akamaliza dawa zote, akaambiwa amepona. Tangu hapo kila masika na kila baridi ya Juni na Julai hukohoa na kubanwa, na kila kituo alichopita wameandika neno lilelile kwenye daftari lake: pumu. Kipimo cha kupuliza, yaani spirometri, hajawahi kufanyiwa. Ana vipulizio viwili, kimoja cha salbutamol na kingine chenye mchanganyiko wa steroidi, ambacho mwanawe humnunulia kwenye duka la dawa mjini.

Safari hii aliugua siku sita kabla ya kuletwa. Makohozi yaliongezeka, yakageuka kutoka meupe kuwa ya kijani, na pumzi ikawa fupi kiasi cha kushindwa kutoka chumbani hadi uani. Kituo cha afya cha jirani walimpa nebulaiza, yaani dawa ya kuvuta kwa mvuke, vidonge vya amoksilini na sindano ya aminofilini, akarudi nyumbani.

Alifika hospitali jioni akiwa ameinama mbele, mikono ameikita magotini, mabega yakipanda na kushuka. Alipoamkiwa shikamoo aliitikia marahaba kwa vipande viwili, pumzi katikati. Alikuwa akipumua mara 28 kwa dakika. Oksijeni ilikuwa 84% bila msaada, mapigo ya moyo 112, presha 128/76, joto 37.4. Binti yake alisema jambo ambalo lingeweza kupita bila kusikika kwenye pilikapilika za mapokezi: "Daktari, tangu asubuhi ananiita kwa jina la mama mdogo, na mama mdogo alishafariki."

Maneno hayo ya binti yana uzito kuliko joto la mwili. Wazee wengi wenye nimonia hawapandi homa, au hupanda kidogo tu, na anayesubiri 39 ndipo afikirie nimonia atachelewa. Kuchanganyikiwa ni moja ya alama tano za kupima ukali wa nimonia. Nyingine ni urea kupanda kwenye damu, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, presha kushuka, na umri wa miaka 65 na kuendelea. Bibi alikuwa na alama mbili kabla hata damu haijafika maabara. Kuna pia waliosema oksijeni yake iko chini kwa sababu anaishi mlimani. Moshi mjini ni kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na alipopimwa alikuwa hapo mjini. Kimo hicho hakimshushi mtu hadi 84.

Alipewa oksijeni kwa kipimo, lengo likiwa 88 hadi 92. Hili nalisisitiza kwa sababu ndugu wengi, na hata baadhi yetu, tukiona namba haijafika 98 tunafungua mtungi mpaka mwisho. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, oksijeni iliyozidi inaweza kufanya hewa chafu ya kaboni irundikane kwenye damu, na mgonjwa aliyekuwa anahangaika akaanza kusinzia. Ndugu wataona ametulia, kumbe anazama.

Eksirei ilivyosema, na kwa nini

Eksirei ilipigwa akiwa ameketi kitandani, mashine ikiwa mbele yake, kwa kuwa kusimama alishindwa. Mkao huo hukuza kivuli cha moyo na kufunika sehemu ya pafu iliyo nyuma yake. Picha ilionyesha mapafu yaliyojaa hewa kupita kiasi, viwambo, ile misuli iliyo chini ya mapafu, vimeshuka na kulala bapa, na makovu sehemu ya juu ya pafu la kulia. Ripoti ikasema: mabadiliko ya ugonjwa sugu, makovu ya zamani, hakuna nimonia inayoonekana.

Ripoti hiyo ilikuwa ya kweli kwa kile kilichokuwa kwenye picha. Tatizo ni kwamba wasomaji wake, tukiwa na haraka, huona "hakuna nimonia" na kuliruka neno "inayoonekana".

Nimonia huonekana kwenye eksirei kwa sababu vifuko vya hewa vinajaa majimaji na usaha, na mahali palipokuwa peusi panakuwa peupe. Sasa mtu mwenye emfisema, vifuko vyake vingi vimeshaharibika, kuta zimekatika, yamebaki matundu makubwa ya hewa. Pafu la namna hiyo ni kama chandarua kilichochanikachanika: uchafu hunasa kwenye nyuzi zilizobaki, matundu yanabaki wazi. Badala ya doa jeupe lililojaa, unapata ukungu hafifu na vistari visivyoeleweka, na msomaji akijua mgonjwa ni wa siku nyingi anavipa jina la makovu.

Halafu eksirei hulaza kifua chote, chenye kina cha zaidi ya shibiri, juu ya picha moja bapa. Sehemu kubwa ya chini ya pafu, kwa upande wa nyuma, huteremka nyuma ya kiwambo na ini. Nimonia ikikaa huko, na picha ikawa ya mbele tu bila ya ubavuni, inaweza kupita. Ongeza makovu ya kifua kikuu, ambayo huku kwetu si jambo la nadra. Mkoa huu wa Kilimanjaro una hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kama mahali pa kutunzia wagonjwa wa kifua kikuu, na vizazi vya watu waliopona ugonjwa huo wanatembea na mapafu yenye alama zake.

Siku tatu za kwanza

Matibabu yalianza kwa msingi kwamba ugonjwa sugu umepamba moto. Dalili tatu zinazotumika tangu miaka ya 1980 kuamua nani apewe dawa ya bakteria alikuwa nazo zote: pumzi kuzidi kuwa fupi, makohozi kuongezeka, na makohozi kuwa na usaha. Kwa hiyo alipewa doksisaiklini ya vidonge, prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge, miligramu 40 kwa siku, na nebulaiza ya salbutamol na ipratropiamu. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii hayo yanatosha, na siku ya pili au ya tatu unamkuta ameketi anakunywa uji.

Bibi hakufika huko. Siku ya tatu alikuwa bado anahitaji lita tatu za oksijeni ili afike 89, na usiku alichanganyikiwa tena. Chembe nyeupe za damu zilikuwa 14,000, ila mtu anayekunywa prednisoloni hupandisha chembe hizo bila maambukizi yoyote, kwa hiyo namba hiyo peke yake haikutusaidia. CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukipambana na maambukizi, ilikuwa 186, na hiyo ilitusumbua zaidi, maana kuzidiwa kwa njia za hewa peke yake si kawaida kuipandisha hivyo. Chini ya bega la kulia kulisikika mikwaruzo ambayo siku ya kwanza ilifunikwa na mluzi wa kifua kizima. GeneXpert, kipimo cha kutafuta vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi, haikuona kitu. Kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Ultrasaundi ya moyo ilionyesha upande wa kushoto unafanya kazi vizuri, na upande wa kulia umechoka kidogo, jambo la kutarajiwa kwa mapafu ya namna hii. Ultrasaundi ya kifua kitandani iliona majimaji kidogo chini kulia, lakini zaidi ya hapo hewa nyingi ya emfisema ilizuia kuona.

Hapo ndipo CT ilipoombwa. Fomu ya kuomba CT ikiandikwa "kifua, nimonia?" na kusainiwa, mtaalamu wa radiolojia anabaki kubahatisha tunataka nini. Fomu ya bibi ilisema hivi: mwanamke wa miaka 71, emfisema inayodhaniwa ya moshi wa kuni, kifua kikuu cha zamani kilichotibiwa, siku ya tatu ya steroidi na doksisaiklini bila nafuu, CRP 186, mikwaruzo chini kulia, eksirei haionyeshi kitu kipya, je, kuna nimonia chini kulia iliyojificha, je, makovu ya juu yana dalili za kuwa hai, je, kuna uvimbe au bonge la ukungu ndani ya tundu la zamani? Sababu ya swali la mwisho ni kwamba ukungu wa aspajilasi hupenda kuota ndani ya matundu yaliyoachwa na kifua kikuu. Fomu ya namna hiyo ina faida nyingine isiyo ya kitabibu: ofisi ya bima inayotakiwa kutoa kibali huona sababu, na ndugu wanaolipa mfukoni huweza kuelezwa wanalipia jibu la swali gani.

Tulijadili pia kama apigwe kwa dawa ya kung'arisha mishipa. Nimonia yenyewe haihitaji dawa hiyo. Damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu ndiyo inayoihitaji, na ugonjwa huo pia hujificha kwa wagonjwa hawa. Miguu yake haikuvimba, hakuwa na maumivu makali ya ubavu, hakukohoa damu, na dalili za maambukizi zilikuwa nyingi. Krietinini, kipimo cha figo, ilikuwa imepanda kidogo, na dawa hiyo inaweza kuzilemea figo. Tukaamua apigwe bila dawa hiyo, tukijua kwamba picha ikirudi haina jibu itabidi turudi kwenye suala la damu kuganda.

Ndani ya chumba cha CT

Mashine ya CT huzungusha chanzo cha mionzi kumzunguka mgonjwa, na kompyuta hujenga picha za vipande vyembamba vya kifua, kimoja baada ya kingine. Hakuna kinachojificha nyuma ya moyo wala nyuma ya ini, kwa sababu kila kipande kinatazamwa peke yake. Mgonjwa wa kwanza duniani alipigwa mjini London Oktoba 1971, mwaka uleule hospitali ya KCMC ilipofunguliwa hapa Moshi, na mhandisi aliyeijenga, Godfrey Hounsfield, ameacha jina lake kwenye kipimo tunachotumia mpaka leo kusoma weusi na weupe wa picha: maji ni sifuri, hewa ni hasi 1000, na pafu lililoshuka chini ya hasi 950 mgonjwa akiwa amevuta pumzi huhesabiwa kuwa na emfisema.

Ugumu uko kwa mtu anayelala ndani ya mashine. Mgonjwa asiyeweza kupumua vizuri akiwa ameketi anatakiwa alale chali, anyooshe mikono juu ya kichwa, na azuie pumzi. Mashine za sasa humaliza kifua kwa sekunde chache, lakini sekunde hizo kwa bibi huyu zilikuwa mlima. Nilichokiona kwa mteknolojia wa zamu ni kazi ya mtu anayeijua. Kwanza alimwacha bibi ameketi kwenye meza ya mashine na oksijeni yake, akafanya naye mazoezi: "Bibi, vuta. Shikilia. Achia." Mara ya pili, mara ya tatu, mpaka akaona kifua kinatii. Kisha akaweka mto chini ya mabega, akamlaza wakati kila kitu kimeshapangwa, akapiga picha kuanzia chini ya mapafu kwenda juu badala ya juu kwenda chini. Sababu yake ni nzuri: sehemu ya chini ndiyo inayotikisika zaidi mtu akipumua, basi ipigwe kwanza, akiwa bado amezuia pumzi, akiachia mwishoni, sehemu ya juu haiharibiki sana. Na chini ndiko swali letu lilikokuwa. Alijua kwa sababu alisoma fomu.

Mionzi nayo iliulizwa na mwanawe, na ana haki ya kuuliza. Eksirei ya kifua ni kama milisivati 0.1 au chini ya hapo. CT ya kawaida ya kifua huwa karibu na 7, na ile ya dozi ndogo kama 1.5. Mtu yeyote duniani hupata kwa wastani kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na chakula. Kwa mama wa miaka 71 ambaye hapati nafuu, mionzi hiyo si hoja ya kumnyima kipimo. Kwa kijana wa miaka 20 mwenye pumu ningekuwa mgumu zaidi.

Kilichoonekana

Juu, pande zote mbili, emfisema. Juu kulia, makovu yenye mirija ya hewa iliyovutwa na kupanuka, bila bonge la ukungu. Chini kulia, nyuma kabisa, nyuma ya tuta la kiwambo, eneo pana la pafu lililojaa, lenye matundu meusi katikati ya weupe, na ndani ya tundu moja majimaji yamelala yakiwa na mstari ulionyooka juu yake. Pembeni, majimaji kidogo kwenye utando wa pafu. Na kitu kingine ambacho hakuna aliyekiuliza: kinundu cha milimita 7 juu ya pafu la kushoto.

Matundu yale yalizua mjadala. Matundu ndani ya pafu, majimaji ndani ya tundu, mgonjwa wa kifua kikuu cha zamani: wengi wangekimbilia kusema kifua kikuu kimerudi, au pafu linaoza. Mtaalamu wa radiolojia alisimama kwenye jambo moja, kwamba matundu haya hayana ukuta mnene na yanafanana na matundu ya emfisema yaliyo jirani yake. Yalikuwapo kabla. Nimonia imejaa kuyazunguka, na moja limeingiwa na majimaji. Lakini alitaka picha ya zamani ili awe na uhakika kuhusu makovu ya juu.

Picha hiyo ilikuwapo. Binti alipoulizwa alipiga simu nyumbani, na kesho yake mjukuu akateremka na bahasha ya kaki iliyokuwa imelazwa nyuma ya kabati, ndani yake filamu ya wakati wa matibabu ya kifua kikuu, imekunjika pembe moja. Ilipowekwa kwenye taa, makovu ya juu kulia yalikuwa pale pale, umbo lile lile. Kwa hiyo cha juu ni cha zamani, na kwa GeneXpert isiyoona kitu hatukuwa na sababu ya kumwanzishia dawa za kifua kikuu. Cha chini ndicho kipya.

Ndugu wengi huzitupa filamu hizi mgonjwa akishapona, au huziacha zinaungana kwa joto juu ya bati. Nawasihi wazitunze, na wanaopewa CD wazitunze vilevile na waandike mwaka juu yake. CT huona kila kitu, na kwenye kifua chenye historia ndefu hicho ndicho kinachoweza kutupoteza, kwa sababu bila cha kulinganisha kila kovu linaweza kuitwa ugonjwa mpya.

Tafiti zinaonyesha kwamba CT hugeuza maamuzi kwa pande zote mbili. Ufaransa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wagonjwa 319 walioshukiwa nimonia kwenye idara za dharura walipigwa eksirei kisha CT. Eksirei ilionyesha doa kwa 188, na kati yao CT ilikanusha nimonia kwa 56. Kwa wale ambao eksirei yao haikuwa na doa, CT ililiona kwa 40, theluthi yao. Geneva nako, mwaka 2018, wazee 200 wa zaidi ya miaka 65 walipigwa CT ya dozi ndogo. Kwa 90 kati yao makadirio ya kuwa na nimonia yalibadilika, na waliobadilishwa kuteremka walikuwa 60, waliopanda 30. Maana yake kipimo hiki kiliwaondolea watu jina la nimonia mara nyingi kuliko kilivyowapa. Mimi nazichukua kama ushahidi mzuri kwamba eksirei ya mzee isiaminiwe kupita kiasi, ila sizihamishi zilivyo. Waliopimwa Ufaransa na Uswisi si watu wa kijiji ambacho nyumba kadhaa zina mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, na makovu yetu yanafanya CT iwe ngumu zaidi kusoma kuliko ya kwao.

Kilichobadilika kitandani

Doksisaiklini iliondolewa, akawekwa seftriaksoni ya mshipa pamoja na azithromaisini, baada ya kuangalia kipimo cha umeme wa moyo. Makohozi yalipelekwa kuoteshwa. Hayakuota kitu, kama inavyotokea mara nyingi kwa mtu aliyeanza dawa kabla. Kwa kuwa alikuwa na mirija iliyopanuka, tulijiwekea akilini kwamba asipopata nafuu tufikirie bakteria wagumu zaidi wa sudomonasi, ambao seftriaksoni haiwawezi. Prednisoloni ilisimama siku ya tano. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2013 ulionyesha siku tano hazikuwa duni kuliko siku 14, na kwa mtu mwenye maambukizi sikuona sababu ya kuivuta. Mtaalamu wa mazoezi ya tiba alimfundisha kulalia ubavu wa kushoto, pafu bovu likiwa juu, ili makohozi yateremke, na kukohoa kwa mpangilio.

Siku ya pili ya dawa mpya alimtambua binti yake kwa jina. Siku ya sita alifika 90 bila oksijeni, akaomba kurudi kwake.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kila anayebanwa kifua apelekwe CT. Mwenye eksirei inayoonyesha nimonia wazi na anayepata nafuu haihitaji. Anayezidiwa kidogo, oksijeni nzuri, anayeitikia nebulaiza siku ya kwanza, haihitaji. Na dawa ya bakteria kwa mgonjwa mahututi haisubiri picha yoyote. CT ina nafasi pale matibabu yanapogoma na jibu lake litabadilisha utakachofanya kesho asubuhi. Hospitali isiyo na mashine bado ina mengi: kurudia eksirei baada ya siku mbili mgonjwa akiweza kusimama, tena na ya ubavuni; kusikiliza mgongo kila siku, si siku ya kulazwa tu; ultrasaundi kitandani kwa anayeijua, ambayo ikikuta pafu lililojaa likigusa utando inatosha kuendelea na matibabu bila safari ya kwenda mjini.

Baada ya wiki nane

Picha hurudiwa baada ya wiki sita au zaidi kwa mzee wa aina hii, kwa sababu saratani inaweza kujificha nyuma ya nimonia, na kwa sababu mapafu yenye ugonjwa sugu husafika polepole. Yake ilirudi ikiwa na mstari mwembamba tu pale chini kulia.

Spirometri ilifanyika hatimaye. Baada ya salbutamol, uwiano wa hewa ya sekunde ya kwanza kwa hewa yote ulikuwa 0.52, na chini ya 0.70 ndiyo mpaka wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kwa historia yake na kwa kipimo hiki, jina la pumu alilolibeba miaka yote halikumfaa, na jina hilo ndilo lililompa kipulizio chenye steroidi. Kwa mwenye pumu dawa hiyo ni ya lazima. Kwa mwenye ugonjwa wake huongeza hatari ya nimonia: katika utafiti mkubwa wa mwaka 2007 uliofuatilia wagonjwa miaka mitatu, waliotumia mchanganyiko wa steroidi ya flutikasoni na salmeteroli na kupata nimonia walikuwa 19.6%, waliopewa kipulizio kisicho na dawa ndani yake 12.3%. Kuna wanaofaidika nayo pamoja na hatari hiyo, hasa wenye chembe za eosinofili nyingi kwenye damu. Tulizipima wakati huu wa marudio na si alipokuwa amelazwa, maana prednisoloni huzifuta. Zilikuwa 80, chini ya 100 ambako faida ya steroidi ni ndogo, na tayari alikuwa amepata nimonia moja. Kipulizio hicho kilisimamishwa, akapewa cha tiotropiamu, na salbutamol ikabaki ya dharura.

Kinundu cha milimita 7 ndicho kilichobaki mezani. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unasema kinundu kimoja kigumu cha milimita 6 hadi 8 kirudiwe kwa CT baada ya miezi 6 hadi 12. Kwa mama aliyebaki na makovu ya kifua kikuu huenda ni kovu jingine tu, na filamu ya zamani haiwezi kusaidia hapa, kwa sababu kitu kidogo kiasi hicho eksirei haikioni. Tuliwaeleza watoto wake yote mawili, uwezekano na gharama, yeye mwenyewe akiwa amekaa hapo na kusikia. Mwanawe aliuliza kama wanaweza kusubiri mwisho kabisa wa muda huo, baada ya mavuno ya kahawa. Wanaweza, na kwenye daftari imeandikwa CT ya dozi ndogo, bila dawa ya mishipa, mwezi wa kumi na mbili tangu ile ya kwanza, na iletwe pamoja na picha zote zilizotangulia.